Kipanya cha Zita

Jumatatu, 3 Machi

Zita ametupa kazi ya shule, sisi wanawake wazima. Kila aliyejiandikisha darasani anunue daftari, aandike neno alilojifunza na jambo moja la siku hiyo, ili mkono uzoee kalamu tena. Mimi Genoveva, mjane wa Bura, mwenye ng'ombe wa kukamua na vitunguu saumu vya kupalilia, mara ya mwisho kuandika kitu kirefu ilikuwa mtihani wa darasa la saba. Lakini mwalimu ni mke wa mwanangu Wolfgang, na nikikataa watasema mama mkwe ana wivu. Basi naandika.

Kompyuta ni ya kikundi chetu cha wanawake wa vitunguu saumu. Tulipewa, tukaipokea kwa vigelegele, tukaifunika kitenge, ikakaa chumba cha kigango, kanisa letu dogo, tangu mwaka juzi. Tukitaka barua ya kumwandikia mnunuzi tunapanda gari hadi Dongobesh kuchapiwa, na kila aliyesimama dukani anajua biashara yetu. Zita ndiye aliyesema aibu hii iishe. Amesomea ualimu, bado anangoja ajira, na amesema akingoja amekaa tu atazeeka.

Neno la leo: kipanya. Huko Dongobesh wanasema maus, Zita anataka tuseme kipanya. Jirani yangu Mama Margwe amekataa kukishika. Anasema panya wamemlia mahindi ya kutosha, hana haja ya kufuga mwingine mezani.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Tumekwenda darasani na majivu kwenye paji la uso.

Neno: eneokazi. Ni ule uso wa kwanza kompyuta ikishawaka, wenye vipicha vimepangwa. Zita anasema ni kama meza, vitu unavyovitumia kila siku viko juu, vingine viko ndani ya makabati. Zamu yangu ilipofika kishale, ile alama inayofuata kipanya kwenye kioo, kilikimbia kama ndama aliyefunguliwa. Zita akaja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika kipanya.

"Polepole, mama," akasema. "Unakikamua. Huyu si ng'ombe."

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka. Tukakisogeza pamoja hadi kwenye kipicha, tukabofya mara mbili, dirisha likafunguka. Alikuwa ameniinamia, tumbo lake limenigusa mgongo, na mtoto akapiga teke. Nililisikia hilo teke vizuri kabisa. Zita akaniambia sikioni kwamba mjukuu naye anataka zamu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Sola haikuwa na nguvu. Hatukusoma.

Jumatano, 12 Machi

Dirisha tena. Kulishusha, kulitanua, kulifunga. Mama Margwe alifungua mengi moja juu ya lingine mpaka akapotea humo, akawa anaulizia barua yake kama mtu anayeulizia mbuzi.

Binti yangu Eva naye anasoma sasa. Mume wake yuko Mererani machimboni, kwa hiyo amekuja kujifungulia kwangu. Mimba yake na ya Zita zimepishana wiki chache tu. Wakikaa pamoja mbele ya ile meza, matumbo yanafika kwanza na mikono haifiki. Wanacheka mpaka wanashikana.

Jumatatu, 17 Machi

Neno: folda. Ni mfuko wa kuwekea mafaili ili yasizagae. Nimetengeneza moja, nimeiita Genoveva.

Niandike na ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Wolfgang alipomleta Zita kutoka Gendabi sikumpenda. Nilimwona ana mdomo na ana mikono laini. Nilisema huyu hatadumu na baridi ya huku. Leo, tukirudi kutoka kigangoni, nilijikuta napunguza mwendo ili njia isiishe. Sina mtu mwingine anayenichekesha hivyo tangu Bura alipofariki.

Jumatano, 19 Machi

Jalala. Kitu usichokitaka unakiburuta unakitupa humo. Mama Margwe hakutaka, anaogopa kitachomwa moto. Zita akamwambia hakichomwi, kinakaa humo mpaka mwenyewe uamue kulimwaga.

Wolfgang anafanya kazi duka la dawa za mifugo huko Haydom, na hurudi Jumamosi. Zita amesema akirudi atamtuma kamba ya kitanda. Anafuma kofia ya mtoto, ya uzi wa manjano, na anaifumua kila siku kwa sababu haimridhishi.

Jumapili, 23 Machi

Mtoto amekufa.

Jana mchana Zita alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Wolfgang alikuwa amefika, akamchukua kwa pikipiki mpaka kituo cha afya. Mimi nilibaki kuchemsha maji na kupika uji, kwa sababu nilijua watarudi watatu au watarudi wawili huku mmoja akiwa bado tumboni. Sikuwa na wazo la tatu.

Leo asubuhi nilisikia pikipiki. Nikatoka na uji kwenye sufuria, nikashika njia ya kwenda kwao. Nyumba yao iko chini ya shamba langu, mtu akiita huku anasikika kule. Wolfgang alikuwa ameshuka. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwa kanga, kidogo, na alivyokibeba nikajua. Zita alikuwa amesimama ameshika kiti cha pikipiki. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili kwangu, kama anavyofanya mtoto mdogo anapotaka abebwe.

Nilikuwa naenda. Mungu anajua nilikuwa naenda. Mama Margwe akanishika mkono kutoka nyuma, akasema jina langu la ubatizo, jambo ambalo halifanyi.

"Genoveva. Eva yuko ndani kwako."

Kwetu mwanamke akipoteza mtoto tumboni au akiwa mchanga, nyumba yake inakaa kando. Wazee wanaita metimani. Huingii kwake, hunywi kwenye chombo chake, hushiki alichoshika, naye haji mahali wenzake walipo, mpaka muda upite. Zaidi sana kama una mwanamke mwenye mimba nyumbani, maana lile la kwake linaweza kumfuata. Padri ametukataza mara nyingi. Kanisani tunaitikia kwamba tumeacha. Mama yangu alikuwa mwanakanisa, na alilishika. Mimi sijui kama naamini. Najua tu kwamba Eva alikuwa amesimama mlangoni kwangu ameshika tumbo lake na macho yamemtoka.

Nikasimama. Nikaweka sufuria ya uji kwenye kisiki kilichoko mpakani mwa shamba. Nikamwita Zita kwa sauti, "Pole, mwanangu. Pole sana. Uji huo hapo."

Mikono yake ilikaa juu kidogo, halafu ikashuka.

Wamemzika mchana nyuma ya nyumba yao, Wolfgang na shemeji yangu Akonaay. Ni wa kike. Nililia nikiwa jikoni kwangu, nikilia kwa sauti ili ajue nalia.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi Wolfgang alikuja. Macho mekundu. Nikampa chai ya maziwa na kiazi, akanywa, akaegemeza kichwa begani kwangu. Nikamwambia Mungu atawapa mwingine.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna darasa.

Jumanne, 1 Aprili

Kila asubuhi napeleka maziwa kisikini. Zita anakuja na chombo chake, anamimina, anarudisha changu pale pale. Namwangalia kutoka nyuma ya mahindi. Kanga ileile. Nikimwita anaitikia, "Shikamoo mama," na mimi naitikia, "Marahaba, umelalaje?" Anasema amelala. Tunaongea kwa kupaza sauti kama watu wa milima miwili.

Natamani kumshika. Nimeandika hapa kwa sababu sina pa kusema.

Jumatano, 9 Aprili

Wanawake wamekwenda kigangoni wenyewe, nami nikaenda. Tumewasha kompyuta. Hakuna aliyekaa. Tulikuwa tunakiangalia kile kipanya pale mezani, na kila mmoja anajua wote tulikuwa tunafikiri nini, kwa sababu Zita ndiye aliyekuwa akikishika kutwa mpaka siku zile za mwisho, mkono wake juu ya mkono wa kila mtu. Mama Margwe akasema, "Hapa kuna wenye mabinti na wakwe." Tukazima. Tukafunika kitenge.

Jumamosi, 12 Aprili

Wolfgang amefika kutoka Haydom. Amekula kwangu ugali na mlenda. Nimemuuliza Zita anasemaje. Amesema hasemi kitu, anafuma na kufumua. Nikamuuliza kama anataka kwenda kwao, akasema hajui. Akaniambia, "Mama, ungekwenda kumwona." Nikamwambia nitakwenda Eva akishajifungua, siku zenyewe si nyingi. Akasema sawa. Mwanangu ni mtu wa sawa, kama baba yake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Zita hakuja kanisani. Nilimwekea nyama.

Jumanne, 22 Aprili

Nyama niliikuta kisikini, mbwa wameipata.

Naogopa ataondoka. Nimeligeuza wazo hili kila upande na silitaki. Nikimpoteza huyu sitapata mwingine, na sisemi kwa ajili ya Wolfgang, nasema kwa ajili yangu. Eva anasema namlilia mke wa kaka yake kuliko ninavyomwangalia yeye na mimba yake. Amekasirika. Anaogopa, miguu imevimba, na mume hapigi simu. Niko katikati yao na kila ninakogeuka kuna mtoto wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepata wazo. Nimelipata nikikamua, na nimefurahi mpaka maziwa yakamwagika.

Kama kinachowazuia wanawake ni kipanya, si kinunuliwe kingine? Zita akae na cha kwake, sisi tuwe na chetu. Atatufundisha kutoka upande wa pili wa meza. Hakuna atakayegusa cha mwenzake, Eva hatapata hofu, na Zita atakuwa na watu tena. Nimewaambia wanawake. Hata Mama Margwe ameona ni sawa, amesema nina akili.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda Dongobesh kwenye duka la Tawakali, yule anayechapa barua na kuuza vifaa. Ni kijana wa heshima, mama yake alikuwa akinunua vitunguu kwangu. Nikamwambia nataka kipanya.

"Kile cha kigangoni kimeharibika, mama? Kilete nikiangalie, huenda ni waya."

"Hakijaharibika. Nataka viwe viwili."

"Kwenye kompyuta moja?"

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Akaniambia ukichomeka viwili vitakubali vyote, lakini kishale kwenye kioo ni kimoja tu, wote mtakuwa mnakivuta hichohicho. Nikamwambia haidhuru. Akauliza ni cha nani. Nikamweleza, kwa sababu nilijivunia wazo langu. Akaacha kucheka. Akakifuta vumbi kile kipanya kipya.

"Na mwenyewe anajua?" akauliza.

"Nitamshangaza."

"Mama, mimi si wa kwenu, sijui mila," akasema. "Lakini mimi ningemuuliza kwanza."

Nikamwambia anifungie. Nilimwona ni mtoto wa dukani, anajua nini kuhusu uchungu wa mtu.

Jumatano, 7 Mei

Sijui kama nitaweza kuiandika siku hii, lakini Zita alisema tuandike hata siku mbaya.

Jana nilimwita kutoka mpakani, nikamwambia wanawake wote wanamtaka, aje darasani. Akaniuliza, "Wamesema nije, mama? Wamesema wenyewe?" Nikamwambia wamesema. Akaweka chombo chini, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasema, "Basi nitakuja." Niliona anatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile.

Leo amekuja amevaa gauni lake la kanisani, la bluu, na limemlegea. Amesuka nywele. Sisi tulishafika, tumekaa upande mmoja. Eva tulimwacha nyumbani. Zita akaingia, akatuamkia wote kwa zamu, shikamoo kwa kila mmoja, na sote tukaitikia vizuri. Akaja moja kwa moja upande wetu. Alikuwa anakuja kwangu.

Ndipo nikasimama haraka. Nikasema, "Ngoja, mwanangu, tumekuandalia mahali pako." Nikamwonyesha kiti upande wa pili. Mezani nilikuwa nimeviweka vyote viwili. Kile cha zamani nilikifunga kitambaa chekundu kwenye waya ili mtu asikosee. Nikasema, na nilisema kwa furaha, nikakionyesha kwa kidole bila kukigusa:

"Hiki ni chako. Hiki ni chetu."

Wanawake wakapiga makofi kidogo. Mimi pia.

Zita alikiangalia kile kitambaa. Akanitazama mimi, mimi tu, wengine hakuwatazama. Halafu akaenda kukaa pale nilipomwonyesha.

Akafundisha. Neno la leo: kunakili. Na jingine: kubandika. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akasema ukinakili kitu kile cha kwanza kinabaki mahali pake, hakiumii. Akaonyesha kwa kipanya chake, nasi tukajaribu kwa chetu, na kweli ikawa kama alivyosema Tawakali. Akivuta yeye kushoto na mimi nikivuta kulia kishale kilitetemeka katikati, hakiendi popote. Mama Margwe akacheka akasema wanapigana. Zita akaondoa mkono wake mezani. "Endelea, mama," akaniambia. "Mimi nimekiachia."

Alitufundisha mpaka mwisho. Alipomaliza alichomoa kile chenye kitambaa, akakunja waya wake vizuri, akakiweka mfukoni mwa gauni. Akasema, "Asante, mama. Umenitafutia kipanya." Akatoka. Niliwaambia wenzangu mmeona, amefurahi.

Alhamisi, 8 Mei

Maziwa bado yako kisikini, hayajachukuliwa.

Ijumaa, 9 Mei

Ameondoka. Akonaay alimwona jana alfajiri anapanda gari la kwenda Dongobesh, na begi moja. Nyumba imefungwa kwa kamba.

Jumamosi, 10 Mei

Wolfgang amekuja, amekuta mlango umefungwa. Ameniuliza nimemfanyia nini. Nikamwambia sikumfanyia kitu, nilimnunulia kipanya. Nilipokuwa nalisema hilo kwa sauti, mbele ya mtoto wangu, nililisikia jinsi lilivyo.

Jumatano, 14 Mei

Nilimkasirikia siku mbili hizi. Nilisema ana kiburi, nilisema mikono laini, yale ya zamani yote. Leo hasira imekwisha na imebaki kitu kibaya zaidi. Nakumbuka alivyokuja upande wetu, anakuja kwangu. Alidhani nimemwita aje akae na watu. Nilikuwa nimemwita nimwonyeshe mbele ya watu mahali ambapo hatakiwi kugusa.

Nimempigia simu. Inaita, haipokelewi.

Jumatano, 21 Mei

Eva amejifungua salama, wa kike, mzito, ana sauti. Namshukuru Mungu.

Wanawake wamejaa nyumbani. Mama Margwe amemshika mtoto akamnyanyua juu, akasema mbele ya wote, "Si mnaona? Tulishika, na mtoto amefika." Wote wakaitikia. Wakanitazama mimi niseme, maana ni mimi niliyeshika kuliko wote. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimempakata mjukuu mzima, anatafuta titi kwenye kanga yangu, na moyo wangu ulikuwa Gendabi.

Jumanne, 27 Mei

Mvua zimepungua. Maharage yanakauka.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda Gendabi. Sikumwambia Eva, nilisema nakwenda Dongobesh. Nilibadilisha gari Katesh, na kutoka barabarani nilitembea nikiulizia, mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe akanionyesha nyumba.

Zita alikuwa uani na mama yake, wanapeta maharage. Aliponiona akasimama, akaweka ungo chini. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Mama yake akanipa kigoda, akanikaribisha kama mtu wa heshima, akaingia ndani kutuachia nafasi.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalikwisha yote. Nikasema, "Zita, nimekuja kukuomba urudi. Nilikosea."

"Ulikosea nini, mama?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kama najua.

"Kile kipanya."

Akatikisa kichwa polepole.

"Kipanya ni cha mwisho," akasema. "Wale wengine niliwaelewa. Mama Margwe nilimwelewa, Eva nilimwelewa zaidi, yule alikuwa na wake tumboni. Sikuwangoja. Nilikungoja wewe."

"Nilikuwa nakulinda Eva," nikasema, na hata maneno yalitoka vibaya. "Nilikuwa namlinda Eva. Ni mwiko, mwanangu, sikuutunga mimi."

"Mwiko ni wa nyumba, mama. Si ndivyo mlivyoniambia? Wolfgang ndiye aliyembeba mtoto. Kwa mikono yake, kutoka kituoni mpaka kaburini. Kesho yake ukampa chai kwenye kikombe chako, akakulalia begani. Alinisimulia mwenyewe, hakuona kitu. Eva alikuwa humohumo ndani."

Sikuwa nimeliona. Naandika mbele ya Mungu kwamba tangu Machi mpaka siku ya leo sikuwa nimeliona. Kwa mwanangu mwiko ulipinda wenyewe, wala sikuhisi unapinda. Kwa mke wake ulinyooka.

Nikalia. Yeye hakulia. Mama yake akaleta uji kikombe kimoja, akampa Zita, akarudi kutafuta kingine. Zita akanywa. Mimi nikanyoosha mkono. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Nipe hicho."

Akanitazama. Akanipa. Nikanywa pale pale alipokuwa amenywa, nikamaliza. Akaangalia kile kikombe kitupu, na sasa machozi yakamtoka, mengi, bila sauti.

"Ungefanya hivi mwezi wa tatu," akasema, "ningezeeka kwako."

Nikamshika. Alikubali kushikwa. Tulikaa hivyo mpaka kuku wakaingia kwenye maharage. Nilijua harudi, na yeye alijua kwamba nimejua, hatukulisema tena.

Baadaye akauliza, "Eva amejifungua?"

"Amejifungua. Wa kike."

"Mzima?"

"Mzima."

"Tunamshukuru Mungu," akasema, na alikuwa anashukuru kweli. Akaingia ndani, akatoka na ile kofia ya manjano. Ameimaliza. Ni nzuri, ina ukingo mweupe. "Mpelekee huyu. Kichwa ni kichwa. Mwambie Eva akiogopa asimvalishe, sitakasirika."

Jumatano, 4 Juni

Nimelala kwao Zita, leo nimefika mchana. Njiani niliwaza kumwambia Eva nimeinunua Dongobesh. Ingekuwa rahisi, mtoto angeivaa, na mimi ningefurahi kumwona nayo. Nikakataa. Nimekwisha kumpangia Zita mambo nyuma ya mgongo wake mara moja.

Eva alikuwa kitandani ananyonyesha. Nikasimama karibu, nikamwonyesha kofia, nikamwambia imetoka kwa nani, na nilikokwenda. Nikamwambia na kikombe.

Akamvuta mtoto upande wa ukuta.

"Ulikunywa, mama?"

"Nilikunywa."

"Na ukaja nayo humu ndani." Alikuwa analia. "Mama, toka nayo. Naomba utoke. Usimshike mtoto. Wewe ndiye uliyenifundisha, sasa unataka nifanye nini?"

Ni binti yangu, na anaogopa kwa namna nilivyomlea aogope. Nikatoka.

Nimekuja nyumba ya Zita, nimefungua ile kamba, nimefagia. Kwanza nilikwenda nyuma. Kaburi ni dogo mno, magugu yamelifunika, na nililitambua kwa mawe tu. Nimeng'oa magugu kwa mikono. Halafu nimekaa kwenye kitanda chao na daftari hili. Kofia iko magotini.

Kutoka hapa nyumba yangu yote inasikika. Sikuwahi kujua. Nasikia vikombe vinagongana. Mama Margwe amekuja, anamtania Eva, Eva anacheka. Mtoto amelia, wamembembeleza, amenyamaza. Nasikia hata kijiko.

Siku zote zile alikuwa anatusikia.